Breaking Bad, The Sopranos, The Wire au Succession: wapi wabaya wanalipa na wapi wanapeta?

Kuna aina ya mtu ambaye ukimpa series anakuuliza swali moja tu kabla ya yote, huyo mbaya mwishoni anapatikana au hapatikani? Na mimi naona ni swali la haki kabisa, nani anataka kukaa sizoni tano anamwangalia mtu anaua, anadhulumu, anamdanganya mke wake, halafu mwisho anaondoka zake na hela. Sisi tumekulia kwenye muvi ambazo stelingi hafi na adui lazima afe, tena afe vibaya, na baadaye zikaja tamthilia za Kimexico zikakazia hapohapo, yule mwanamke mwenye roho mbaya akishawatesa wenzake epsodi zaidi ya mia, ya mwisho anaungua moto au anapata kichaa, na mtaa mzima unapumua. Malipo ni hapa hapa duniani na tunataka tuyaone kwa macho yetu.

Shida ya hizi nne ni kwamba stelingi ndiye adui. Unakula naye, unacheka naye, unamjua mpaka mama yake, unajikuta unaomba asikamatwe, na hapo ndipo hesabu inapovurugika. Kwa hiyo ukiwa umekwama uanze na ipi, nimeziweka pamoja kwa kitu hiki kimoja tu, mtu akifanya ubaya nini kinampata. Siwezi kuongelea malipo bila kusema mwisho, kwa hiyo spoila zipo, tena nyingi. Usiyetaka kujua ruka moja kwa moja mpaka sehemu ya chini kabisa inayosema ipi imfae nani.

Vipimo nilivyotumia

Kwanza sheria, yaani polisi, mahakama na jela, vinamfikia au anavikwepa. Pili bili inamwangukia nani, maana mara nyingi aliyekula siye anayelipa. Tatu, mwenyewe anakuja kukiri, hata kwa mtu mmoja, au anabaki anajidanganya. Nne, ikiisha unabaki na nini kichwani.

Kifo sijakiweka kama kipimo, nimefanya makusudi. Kufa wote tutakufa, na mtu aliyeharibu maisha ya watu miaka na miaka akipigwa risasi dakika ya mwisho bado hujajua kama amelipa au ameponyoka tu kwa njia nyingine.

Sheria inawafikia?

Breaking Bad (2008 hadi 2013, epsodi 62) ni ya Walter White, mwalimu wa kemia pale Albuquerque, New Mexico, anaambiwa ana saratani ya mapafu, anaanza kupika meth, madawa ya kulevya, eti aiachie familia hela. Anayemsaka bila kujua ni Hank, mume wa ndugu wa mke wake, mtu wa DEA, kikosi cha serikali ya Marekani cha kupambana na madawa ya kulevya, wanakula nyama choma pamoja wikiendi. Pingu Walter anavaa, anavalishwa na Hank mwenyewe jangwani, lakini kabla hata hajaondolewa pale wanafika wahuni wenye bunduki ambao Walter mwenyewe ndiye aliyewaita, akabadilisha mawazo ikawa imeshachelewa, na Hank anauawa. Mahakamani Walter hakanyagi hata siku moja, polisi wanamkuta ameshakufa kwenye sakafu ya maabara.

The Sopranos (1999 hadi 2007, epsodi 86) FBI wanamfuata Tony, bosi wa mafia wa New Jersey, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kuna kipindi wanaficha kinasa sauti ndani ya taa kwenye chumba cha chini nyumbani kwake, halafu binti yake anaichukua ile taa kwenda nayo chuoni bila kujua, kazi yote imekwisha. Epsodi ya mwisho wakili anamwambia uwezekano wa kushtakiwa ni mkubwa sana. Kesi yenyewe hatuioni.

Succession (2018 hadi 2023, epsodi 39) sheria ipo kama mvua inayotishia halafu haijanyesha. Kampuni ya familia ya Roy ina meli za kitalii, na kwenye hizo meli kumefanyika unyanyasaji wa kingono na vifo vikafunikwa kwa miaka. Tom, mkwe wa ile familia, alishiriki kuharibu nyaraka, sizoni ya tatu amejiandaa kwenda jela kabisa, anasoma habari za magereza usiku, hali vizuri. Serikali inaishia kwenye faini ya hela. Siku Tom anapopata habari anavunja vunja vitu ofisini kwa furaha, na mimi naona ile ndio picha ya kweli kabisa ya tajiri anavyopokea msamaha ambao hakuuomba kwa mtu yeyote aliyemuumiza.

The Wire (2002 hadi 2008, epsodi 60), ya polisi na wauza unga wa Baltimore, ndiyo tofauti kubwa. Aliyeianzisha ni David Simon, alikuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, akashirikiana na Ed Burns aliyekuwa askari wa upelelezi kisha akawa mwalimu, na inaonekana kabisa walijua wanachoongelea. Humu sheria inafanya kazi, watu wanafungwa miaka mingi, wengine maisha, ila angalia ni nani. Vijana wa vijiweni wanaenda jela. Seneta Clay Davis, mla rushwa anayejulikana mji mzima, anapanda kizimbani, anawaambia wazee wa baraza hela hizo aligawa mkononi kwa wananchi wake wenye shida, mmoja ya gesi, mwingine ya mazishi, watu wanamshangilia, anaachiwa huru. Mtu wa kwetu akiangalia pale haihitaji maelezo. Na Marlo, muuza unga aliyeua watu na kuwaficha kwenye nyumba zilizotelekezwa, anaachiwa kwa sababu polisi walimnasa kwa njia isiyo halali, askari McNulty alitunga muuaji wa uongo ili apate bajeti ya kumfuatilia Marlo. Uongo ule ulipogundulika McNulty naye hakushtakiwa, maana kumshtaki kungemharibia meya uchaguzi wa ugavana. Kila mtu anajua na kila mtu ana sababu ya kunyamaza.

Nani hasa analipa?

Hapa ndipo kwenye uzito, na ndipo ninapotaka ukae kidogo.

Breaking Bad inafuata mstari ulionyooka, kitendo hiki kinazaa kile, unaweza kufuatilia kwa kidole. Mfano Jane, mpenzi wa Jesse, yule kijana anayepika na Walter, amelala amelewa unga, anaanza kutapika chali, Walter yuko pembeni ya kitanda, ananyoosha mkono kumsaidia halafu anausimamisha. Anaacha afe. Baba yake Jane anafanya kazi ya kuongoza ndege, anarudi kazini na msiba kichwani, ndege mbili zinagongana juu ya mji, watu 167 wanakufa. Wapo wanaosema imepitiliza, mimi nakubali kidogo, lakini nia inaeleweka, hakuna ubaya mdogo unaobaki chumbani. Andrea, mpenzi mwingine wa Jesse, anapigwa risasi mlangoni kwake wakati Jesse analazimishwa kuangalia, mtoto wake anabaki yatima. Marie, mke wa Hank, anabaki mjane. Mtoto wa Walter mwenyewe anamkatalia hela kwenye simu, zile hela zilizokuwa sababu ya yote.

Na kuna aliyelipa nje ya hadithi. Anna Gunn aliyeigiza Skyler, mke wa Walter, alichukiwa na watazamaji kiasi kwamba mwaka 2013 akaandika makala kwenye New York Times kuhusu chuki ile. Fikiria, mume anaua na kutengeneza sumu, anayetukanwa ni mke anayemwambia acha. Ukiianza jiangalie na wewe unamkasirikia nani, maana series imekutega makusudi.

The Sopranos bili inawaangukia wanawake na wadogo, karibu kila mara. Tracee ni binti wa miaka 20, anacheza kwenye klabu ya kina Tony, ana mimba ya Ralph, mmoja wa watu wa Tony, Ralph anampiga mpaka anakufa hapo nje nyuma ya klabu. Tony anamzaba Ralph ngumi, na kosa linaloongelewa baada ya hapo ni Tony kumgusa mtu aliyeapishwa kuwa mwanachama wa mafia, Tracee hayumo kwenye mazungumzo. Muda si mrefu Tony huyohuyo anampandisha Ralph cheo kwa sababu analeta hela. Sizoni inayofuata farasi anakufa kwenye moto, Tony anaamini Ralph ndiye aliyechoma kwa ajili ya bima, anamuua kwa mikono yake jikoni, huku anapiga kelele kuhusu kiumbe mzuri asiye na hatia. Kwa hiyo Ralph amelipa, ndiyo, ila kalipa kwa farasi. Kama ungekuwa mama yake Tracee usingejua hata kama kuna kitu kimelipwa.

Succession yenyewe mlipaji karibu haonekani. Mwisho wa sizoni ya kwanza, harusini kule Uingereza, Kendall, mmoja wa watoto wa familia ya Roy, anatoka na kijana weita kwenda kutafuta madawa, gari inatumbukia majini, kijana anazama, Kendall anarudi ukumbini anacheza muziki. Logan, baba yake na bosi wa kampuni, anafunika, na kuanzia hapo anamshika mwanae shingo. Kwenye makaratasi ya zile meli kulikuwa na maandishi ya kificho kwa wahanga wa aina fulani, kwamba hakuna mtu halisi aliyehusika. Baadaye Logan anamwambia Kendall maneno hayohayo kuhusu yule kijana, anamwambia kama anamtuliza. Sijawahi kuona dharau ya mwenye nacho ikisemwa kwa ufupi hivyo.

Lakini mwanangu, ukiniuliza ni wapi nimeumia kweli nitasema Randy wa The Wire. Sizoni ya nne, ni mtoto wa shule, mchangamfu, anauza pipi shuleni, ndoto yake ni kufungua duka. Anawaeleza polisi kidogo anachojua kuhusu mauaji ya mtu. Askari mmoja, Herc, kwa uzembe tu, wakati anamhoji mhalifu anaropoka kwamba Randy ndiye aliyesema. Habari inasambaa. Nyumba inachomwa moto, mama mlezi anaungua vibaya, mtoto anarudishwa kwenye makao ya watoto ambako aliwahi kuishi na ndiko alikokuwa anapaogopa kuliko kitu chochote. Carver, askari aliyemuahidi kumlinda, anahangaika ofisi kwa ofisi mpaka anajitolea amchukue mwenyewe, taratibu zinakataa. Pale hospitali Randy anampigia kelele Carver anapoondoka kwenye korido, anamuuliza si ulisema utanisaidia, anarudia, anarudia. Na Herc? Herc anatimuliwa polisi kwa kosa jingine kabisa, halafu anapata kazi nzuri kwa wakili wa wauza unga.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza kama mbaya analipa. Nikaanza kuuliza nani analipa badala yake, na nadhani swali hilo ndilo linalozitenganisha hizi series kuliko ubora wa waigizaji au nani ana risasi nyingi.

Mwenyewe anakuja kukiri?

Walter ndiyo, mara moja, tena vizuri. Sizoni zote anaimba nyimbo moja, nilifanya kwa ajili ya familia, halafu epsodi ya mwisho anamwambia Skyler jikoni kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, alipenda, alikuwa anaiweza. Kwangu hiyo ni adhabu kubwa kuliko risasi, kwa sababu amejinyang'anya kisingizio mwenyewe.

Tony ana daktari wa akili, Melfi, anakaa naye miaka. Ungetegemea mtu aliyepewa nafasi ya kuongea hivyo abadilike. Anachojifunza ni lugha nzuri ya kujitetea, na Melfi anapotambua hilo anamfukuza karibu na mwisho. Christopher, kijana aliyemlea kama mwanae, Tony anambana pua baada ya ajali mpaka anakufa, na siku zinazofuata kinachomuudhi ni watu kuonyesha huzuni.

Kendall ni mgumu kuliko wote. Anakiri, kweli anakiri, sizoni ya tatu kule Italia, amekaa chini kwenye vumbi mbele ya ndugu zake analia. Halafu kwenye epsodi ya mwisho, kiti cha bosi wa kampuni kiko karibu, dada yake anamkumbusha kwamba aliua mtu, na Kendall anageuka anasema halikutokea. Amekula toba yake mwenyewe kwa ajili ya kiti. Na kiti hakukipata.

The Wire hapa nitataja mmoja tu, Bubbles, teja. Alitega unga wenye sumu kwa ajili ya mtu aliyekuwa anampiga kila siku, akautumia kijana aliyekuwa anamlea, akafa. Bubbles anajipeleka polisi mwenyewe, anajaribu kujinyonga mle ndani, na askari wanamuachia wanampeleka hospitali. Kwenye series nzima iliyojaa maseneta, makamishna na mawakili, anayekuja kusema nimeua ni huyu asiye na nyumba.

Mwisho unakuachaje

Breaking Bad inafunga milango yote, wahuni wamekufa, Jesse ametoroka, Walter amekufa, unalala. Wengine wanaona imemfanyia Walter wema mno, amekufa akipapasa mitambo yake kama mtu aliyeridhika, na kusema kweli hoja hiyo ina nguvu.

The Sopranos picha inakatika ghafla ikawa nyeusi, tarehe 10 Juni 2007, Tony yuko mgahawani na familia anasubiri binti yake aingie. Watu wanabishana mpaka leo alikufa au la. Ukiwa ni wa kutaka jibu hautafurahi.

The Wire watu wanapokezana viti, mtoto mmoja anashika nafasi ya jambazi aliyekufa, mwingine anakuwa teja mpya, wanasiasa wanapanda. Succession hakuna anayekosa chakula, wote bado ni matajiri wa kutisha, ila wamebaki watupu, na anayeshinda ni Tom aliyekubali kuwa mtu wa kutumwa. Kama wewe unaamini mtu mwenye mabilioni hawezi kuwa amelipa hata akilia, itakukera. Mimi nilitoka nimegawanyika, nawahurumia kama watoto wa baba mkatili, siwahurumii kama watu wazima wenye mamlaka juu ya maisha ya wengine.

Ipi imfae nani

Kama unataka kuona ubaya ukirudi kwa mwenyewe, na hupendi kuachwa hewani, anza na Breaking Bad. Vilevile kama unaangalia na mwenzako ambaye hajazoea series ndefu za kuongea, hii inashika mapema kuliko nyingine.

Kama umewahi kufanya kazi serikalini, shuleni, polisi, gazetini, mahali popote ambapo ulimuona mzembe anapandishwa cheo na mdogo anabebeshwa kosa, The Wire imeandikwa kwa ajili yako. Ila jipe epsodi nne tano za mwanzo, majina ni mengi na hawakuelezei kitu, na usiiangalie kipindi ambacho wewe mwenyewe roho iko chini, sizoni ya nne haina huruma.

Succession nampa mtu ambaye shida yake iko kwenye familia, mzazi anayegawanya watoto, ugomvi wa mali, ndugu wanaopendana leo na kuuzana kesho. Damu hamna sana, matusi ndiyo mengi mno, kwa hiyo sebuleni na wazazi hapana. Ni fupi pia, kama muda ni mdogo inaisha.

The Sopranos ni ya mwenye subira anayeweza kukaa na mtu mbaya bila kumpenda na bila kuahidiwa chochote. Ukiwa umepoteza mtu kwa mkono wa mtu ambaye hajawahi kuguswa na sheria, fikiria kwanza, inaweza kukuchokoza vibaya, au inaweza kuwa ndiyo pekee inayokuelewa, hilo unalijua wewe.

Na kama bado hujaamua na una saa moja tu, tafuta The Sopranos sizoni ya 3 epsodi ya 4. Daktari Melfi anabakwa, na ubakaji unaonyeshwa, kwa hiyo jua hilo kabla hujabonyeza. Mtuhumiwa anakamatwa, halafu anaachiwa kwa sababu ushahidi haukutunzwa kwa utaratibu. Melfi anajua neno moja kwa Tony lingetosha, na epsodi nzima inakupeleka mpaka kwenye ile sekunde ambayo Tony anamuuliza kama kuna kitu anataka kusema. Anajibu hapana. Ukimaliza ukakuta umekasirika hutaki hata kusikia, kamata Breaking Bad usiku huohuo. Ukikuta unabishana na jibu lake mpaka kesho yake kazini, basi rudi sizoni ya 1 uanze mwanzo.